Mtani Aliyelala Mahali pa Maiti

Juzi pale Kariakoo kijana mmoja alitaka kuniuzia mkaa mbadala, vidonge vyeusi kwenye mfuko, akaapa hautoi moshi. Nikamuuliza unatengenezwa na nini. "Makaa ya mawe, mama, kutoka kusini." Nilishamshusha bei nusu, lakini hapo nikauacha mfuko, nikaondoka. Akanifuata hadi kona akizidi kupunguza, akidhani namtega.

Nilikulia Ilala, nyumba ya kupanga, uani jiko la kila mtu na kelele za kila mtu. Chumba cha mbele aliishi jirani yetu muuza vitumbua. Mumewe alichimba makaa ya mawe huko kwao kusini. Alikuja sikukuu tu, na kikohozi chake kilitangulia kuingia mlangoni.

Siku moja mwenzake wa kazini akaleta begi lake. Alieleza taratibu, kakaa kwenye kigoda cha bibi yangu: paa la mgodi limemwangukia, wamefukua, likaanguka tena, wakubwa wakasema basi. Mwili umebaki humo humo.

Jirani alisikiliza, akalisukuma begi uvunguni, akaenda kukoroga unga wa vitumbua. Hajaona maiti, alisema, hakai eda. Asubuhi ikamkuta barazani na kanga yake ya maua, harufu ya iliki mtaa mzima. Wanawake walinunua huku wakinong'ona. Siku zikapita, bibi akachoka, akatandika matanga bila ruhusa ya jirani.

Ndugu wa marehemu wakaja, na mtani wao akaja, mzee mmoja mfupi. Wewe wa rika langu unawakumbuka watani wa msibani: wanamwigiza marehemu, wanalizuia jeneza, wanadai chao ndipo mambo yaendelee. Jeneza halikuwepo, basi huyu akajipaka masizi ya sufuria, akalala chali mkekani, akajifunika shuka. Akakohoa kikohozi kile kile. Akasema hatoki shimoni bila kuku mzima. Bibi akamwambia maiti hatafuni, achukue mchuzi. Wakavutana wee, wakakubaliana paja. Watu wakicheka, sisi watoto tukijifunza biashara.

Jirani akaingia na beseni lake. Kicheko kikakatika. Alimtazama mtani.

"Mume wangu halali chali," akasema. "Kifua kinambana. Geuka."

Mtani akageuka kwa ubavu. Jirani akapiga magoti, akampandishia shuka hadi begani, akaweka kiganja juu yake. Hapo ndipo alipolia. Alipomaliza akamwambia bibi, "Nipe nguo ya eda."

Siku hizi msibani kuna turubai, viti vya kukodi na kamati yenye mwenyekiti. Watani wapo, wanatania kwenye simu. Nyumba yetu imekuwa ghorofa la maduka. Niliingia kununua vikombe, nikashindwa kujua uani palikuwa wapi. Marehemu hakutolewa mgodini. Kaburi lake hapa mjini lilikuwa ule mkeka, na hata huo, jioni mtani aliinuka kula paja lake, ukakunjwa.