Sauti ya Mama Tangazo

Mungu alipokuwa akigawa vitu, wengine walipewa urefu, wengine mali, Mama Tangazo akapewa koo. Tangu usichana wake, akimwita mtu wa mwanzo wa mtaa, wa mwisho wa mtaa naye aligeuka. Mama yake alikuwa akimwambia, "Punguza, mwanangu, utapata mume kiziwi." Hakupata kiziwi. Alipata fundi wa breki za mabasi, mwanamume mpole aliyezoea kelele za karakana, akasema sauti hiyo ndiyo iliyomvuta.

Basi koo likawa kazi. Mtoto akipotea sokoni, aliitwa yeye. Msiba ukitokea, aliitwa apite vichochoroni kutangaza saa ya maziko. Duka jipya, kikao cha wazazi, chanjo zahanati, wote walimwendea, naye alipita na kipaza sauti chake cha mkononi, kile chenye ufa mdomoni alichokizungushia karatasi ya gundi. Na alikuwa na sheria yake moja tu: hatangazi jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Chanjo alikwenda kuichungulia kwenye sanduku la barafu. Msiba alianzia kwa wafiwa, akaingia mpaka chumbani kwa maiti. Watu walimtania, "Mama Tangazo, hata mauti huyaamini?" Naye hujibu, "Nikimtangaza mfu halafu akaamka, mtamlaumu nani? Marehemu?"

Mumewe walimwita Mzee Breki. Alifanya kazi kwenye karakana ya jiji mpaka wakubwa walipoona kwamba mabasi hayana faida, wakauza kila kilichokuwa na bei na kuacha kuta. Mzee alikaa nyumbani, na kukaa kulimla. Alianza kusahau funguo. Kisha akasahau majina ya wanawe, ambao nao walikuwa mbali na hawakuwa watu wa kupiga simu. Mwisho akasahau uso wa mkewe. Asubuhi alimwamkia kwa heshima zote, "Hujambo, mama. Karibu. Umemfuata nani?"

Kitu kimoja tu hakikumtoka, nacho ni ile sauti, tena ikitoka kwenye kipaza. Mkewe akimwambia kwa mdomo mtupu, "Njoo ule," alimtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Lakini akichukua kipaza, humo humo chumbani, akasema, "Tangazo, tangazo! Mzee Breki anatakiwa mezani!" mzee huyo, anakuja anatabasamu. "Mke wangu ananiita," alimwambia mkewe huyohuyo, akimpita. Majirani walisikia yote kupitia ukutani na kucheka mpaka wakashika mbavu. Mama Tangazo naye alicheka. Kulia alilia jikoni, ambako hapakuwa na mtu.

Sasa tuje kwenye siasa, maana ndiko tulikougulia. Mama Tangazo alikuwa na maoni yake juu ya jiji na hakuyaweka mfukoni. Alisema jiji hili lina meya, lina naibu meya, lina madiwani na kamati za kila kitu, lakini halina mfuniko wa mtaro. Mtaro wenyewe ulichimbwa kandokando ya barabara kubwa, kina cha kumfunika mtu, kisha wachimbaji wakaondoka na majembe yao kana kwamba wameitwa kula. Mabomba ya uani yalikauka siku nyingi, na la mtaa nalo, likabaki kama kigingi cha kufungia mbuzi. Maji yalikuja kwa mikokoteni, na kila mwenye akili alijua kwamba mikokoteni ile ni ya shemeji yake diwani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mkokoteni hana haja na bomba.

Ndipo uchaguzi ukakaribia, akaja mgombea mwingine wa udiwani, kijana mwenye meno mazuri. Alihitaji sauti. Mama Tangazo akamwambia, "Mwanangu, mimi sitangazi nisichokiona." Kijana hakukasirika hata kidogo. Alimpeleka kwenye uwanja wa nyumba yake, akafunua turubai, na pale chini yalilala mabomba mapya, mafungu kwa mafungu, yananukia kiwanda.

"Si haya hapa, mama? Yaguse."

Akayagusa. Aligonga moja kwa kidole, akasikia likilia vizuri, roho ikatulia. Siku zote za kampeni alizunguka mtaani akiita, "Jumatatu baada ya kura, maji yatatoka! Mama, tayarisha ndoo yako!" Watu waliamini, kwa sababu ni yeye aliyesema. Kosa lake lilikuwa hilo tu: aliyaona mabomba akadhani ameyaona maji.

Kijana alishinda. Mabomba yale yalionekana yakisimamisha mahema kwenye sherehe ya ushindi, halafu yakahamia kwenye uzio wake mpya, yakapakwa rangi ya kijani, na kusema kweli yalipendeza. Jumatatu ilipofika wanawake walipanga foleni kwenye bomba la mtaa tangu alfajiri. Bomba lilipofunguliwa lilipiga mluzi, likakohoa vumbi, likanyamaza.

Diwani mpya alikuwa ndani ya uzio, na getini palikuwa na mlinzi. Mama Tangazo alikuwa mlango wa pili. Unadhani walimwendea nani? Tangu siku ile, kipaza kikilia, madirisha yalifungwa. Watoto walimfuata wakiimba, "Njia ya mwongo ni fupi!" Alitangaza msiba wa kweli, wa mzee wa watu, wakaja jamaa watatu na mchimba kaburi. Wenye maduka wakatafuta koo jingine.

Alhamisi moja, jua likiwa utosini, alirudi kutoka kwenye mkokoteni na dumu lake la maji, akakuta mlango uko wazi. Kamba aliyofungia kitasa kila alipotoka, mzee asizurure, ilikuwa imefunguliwa taratibu, kifundi, ikakunjwa na kuwekwa juu ya kiti. Kitanda kitupu. Uani hakuna mtu. Hakutazama kingine chochote. Alichofikiria ni mtaro, kwa sababu wiki iliyopita tu ulimmeza mwendesha baiskeli mzima mwenye macho yake mawili, akatolewa mguu umevunjika. Mzee Breki angetoka vipi? Na nani angemsikia?

Alinyakua kipaza akatoka mbio, dumu mkono mmoja, maana hata kuliweka chini alisahau.

"Tangazo, tangazo! Mzee Breki anatakiwa nyumbani!"

Alikwenda mpaka kona, akaita tena. Kwa kawaida mzee angetokea, akitabasamu, akiwaambia watu wote kwamba anaitwa. Hakutokea. Akabadilisha maneno, akawaambia watu sasa.

"Jamani, mume wangu amepotea! Mwenye kumwona anisaidie!"

Dirisha moja likafungwa. Jingine likafuata. Kutoka nyuma ya pazia mwanamke akapiga kelele, "Tumeshakusikia! Katangaze kwa diwani wako!" Mtu akacheka. Mama Tangazo alisimama katikati ya njia akageuka huku na huku, na kila alikogeukia aliona mbao za madirisha. Hawa ndio aliowazikia wazazi wao. Hawa ndio aliowatafutia watoto sokoni mpaka koo likavimba.

Alikimbilia mtaroni, akainama ukingoni. Chini kulikuwa na tope jeusi, mifuko, na kandambili moja ya kiume iliyonasa karibu na ukingo. Alilala kifudifudi kwenye vumbi, akanyoosha mkono mpaka akaifikia, akaigeuza. Haikuwa ya mumewe; ya mumewe mzee aliifunga waya kwa mkono wake mwenyewe. Akashukuru, lakini shukrani hiyo haikukaa. Mtaro ulikuwa mrefu kuliko macho yake, mtaa ulikuwa na vichochoro kama mizizi, jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa mmoja.

Mfa maji haachi kutapatapa. Aliinuka, akapangusa kipaza kwa nguo yake, akakiweka mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kampeni, tamu, yenye kicheko ndani yake.

"Tangazo, tangazo! Mheshimiwa diwani anagawa sukari! Hapa kwa muuza mkaa! Atakayewahi ndiye atakayepata! Njoo na chombo chako!"

Kwanza lilifunguka dirisha moja. Halafu milango. Wakatoka na mabakuli, na sufuria, na mwingine na foronya, wakisukumana, waliokuwa wagonjwa wamepona. Hata yule wa nyuma ya pazia alikuja, tena na beseni, akawa wa mbele kabisa. "Iko wapi?" akauliza, akihema.

"Haipo," alisema Mama Tangazo. Alishusha kipaza akasema kwa mdomo wake. "Hakuna sukari. Mume wangu amepotea tangu sijui saa ngapi. Nimewaita kwa ukweli hamkuja."

Wa beseni alimtukana tusi ambalo sitaliandika. Mwingine akasema, "Si nilisema? Huyu hana dawa." Wengine walitazama ndani ya mabakuli yao, na nadhani waliona haya, maana hakuna aliyeondoka mara moja. Muuza mkaa, mwanamke wa maneno machache aliyekaa juu ya gunia lake, ndiye aliyesema.

"Mzee wako alipita hapa asubuhi. Ana ndoo. Nilidhani umemtuma maji."

Ndoo. Mama Tangazo alishika kichwa. Hakuwa ameangalia kama ndoo ipo mahali pake.

Bomba la mtaa lilikuwa nyuma ya karakana ya zamani, ambako kuta zilizuia sauti na siku hizi hakuna aliyekanyaga. Alikimbia, na watu wakamfuata, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona mwisho wa hasira zao.

Alikuwa hai. Alikaa chini mbele ya bomba kavu, kichwa wazi juani, ndoo katikati ya miguu, midomo imepasuka. Nyuma yake alikuwa ameweka jiwe, kama watu wawekavyo kushika nafasi kwenye foleni.

"Mama, usilisogeze hilo," alimwambia mkewe kwa adabu. "Hiyo nafasi ni ya mke wangu."

"Baba, twende nyumbani. Kunywa kwanza." Alimfungulia dumu.

"Ahsante, hayo ni yako. Mimi yangu yanakuja. Leo si Jumatatu?"

Alimshika mkono, mzee akauvuta. Alijaribu kumwinua, na yule mtu mpole akashikilia bomba kwa mikono miwili, mikono ya fundi ambayo bado ilikuwa na nguvu. Muuza mkaa alikuja kusaidia, mzee akaanza kutetemeka na kulia, "Mtanipotezea foleni! Mke wangu alisema!" Wakamwachia. Jasho lilikuwa limeshamkauka usoni, na hiyo si dalili njema kwa mtu wa umri ule.

Ikabaki njia moja. Mama Tangazo alikiinua kipaza. Watu wote walikuwa wamesimama na vyombo vyao vitupu, na akaona heri, nao wasikie.

"Tangazo," alisema, na sauti ikakatika, akaanza tena. "Tangazo, tangazo. Maji hayatatoka. Hayakuwepo hata siku moja. Mabomba yamejenga uzio. Mzee Breki, hakuna maji hapa. Rudi nyumbani."

Hakuna aliyewahi kusikia neno kama hilo kwenye kipaza chochote cha jiji lile. Mzee Breki aliacha kulia. Alikitazama kipaza, kisha akamtazama mwanamke aliyekishika, akakunja uso kama zamani alipokuwa akisikiliza breki mbovu.

"Huyu si yeye," alisema. "Mke wangu alisema yanatoka. Na mke wangu hatangazi kitu kabla hajakiona." Akageukia bomba lake.

Basi Mama Tangazo alilia, mbele za watu, bila kujificha. Kile kitu kimoja kilichobaki kati yao alikuwa amekivunja kwa kusema kweli. Alitazama midomo ya mumewe. Alitazama jua. Kisha akafuta pua kwa kiganja, akavuta pumzi, akatafuta kooni ile sauti yenye kicheko mpaka akaipata.

"Tangazo, tangazo! Maji yametoka! Yanatoka nyumbani kwa Mzee Breki, bomba la uani! Nimeyaona kwa macho yangu!"

Uso wa mzee ukafunguka. "Umemsikia?" alimwambia mkewe. "Ndiye huyo." Akaachia bomba, akanyanyuka kwa shida, akachukua ndoo yake, na kwa wema wake akaliokota na lile jiwe, lisije likachukuliwa.

Mama Tangazo alimshika kiwiko wakaanza kwenda. Nyuma yao watu walisimama kidogo. Kisha wa beseni, yuleyule aliyedanganywa sukari muda mfupi uliopita, aliyesikia kwa masikio yake mawili kwamba hakuna maji na hayatakuwepo, aliliweka beseni lake kwapani na kushika njia ya kwake.

"Nakwenda kuangalia tu," alisema, bila kuulizwa.

Mwingine akamfuata, na mwingine. Mama Tangazo aliwaona wakimpita, wanatembea upesi, kila mmoja akielekea kwenye bomba la uani kwake. Alitaka kuwaita warudi. Kipaza kilikuwa mkononi, lakini mzee angesikia. Akanyamaza, na Mzee Breki akaongeza mwendo, ndoo ikimgonga goti, asije akachelewa.