Majiko ya Uani

Philomène, muuza unga mtaani Kikula, alijifungua kwa kupasuliwa, na kidonda kikaoza humo humo hospitalini. Ndugu wakamwambia amwachie Mungu.

"Haiko Mungu alinipasua!" akafoka, akaenda kwa wakili.

"Kushitaki unaweza, mama," wakili akasema. "Lakini watadai vidudu ulivitoa nyumbani. Utaonyesha nini?"

Philomène hakubabaika. Hospitalini ndugu hulala na wagonjwa wao na kupika uani, na majiko yakikaribiana watu hujuana mpaka vidonda. Akafungua mlango, akaita. Wakaingia wanawake watano, kila mmoja na mtoto mgongoni.

"Maître," Philomène akamwambia wakili, "tulipasuliwa mu chumba kimoja, na sisi bote tulioza. Sasa baseme tunaikala mu nyumba moja!"