Msalaba wa Mkaa Kwenye Shimo la Saba

Mtaalamu wa miamba alikosea yeye, kosa akanibebesha mimi. Kwa kosa hilo sina nyumba, na ukoo wa marehemu mume wangu hautaki kuniona.

Miaka kumi na moja nilifanya kazi kwenye banda la sampuli la kampuni ya kutafuta dhahabu. Mashine ilitoboa ardhi, ikatoa mawe membamba kama mpini wa jembe. Niliyapanga kwenye trei, ya juu kwanza, ya chini mwisho. Nusu ya kila jiwe ilikwenda maabara, nusu ikabaki bandani. Kusoma sijui, kwa hiyo mawe ya kila shimo niliyachora alama yangu ya mkaa: la tatu msalaba, la saba jicho.

Siku moja trei mbili, ya shimo la tatu na ya shimo la saba, zilianguka. Mtaalamu alikuwa anakimbizana na ripoti, akayarudisha mawe mwenyewe.

"Bosi, hili lina msalaba. Si la shimo la saba."

"Mama Mawe, leo umekuwa profesa?" Banda zima likacheka. "Liache hapo hapo."

Maabara ikakuta jiwe hilo lina dhahabu. Na shimo la saba lilikuwa nyuma ya jiko langu.

Yeye mwenyewe aliwahi kunieleza wanavyokadiria dhahabu iliyo chini. Hawawezi kutoboa kila mahali, basi kila shimo linaisemea ardhi inayolizunguka: ya karibu kwa sauti kubwa, ya mbali kwa kunong'ona. Jiwe moja la uongo likasema kwa sauti kubwa. Kwenye ramani dhahabu ikaenea kama mafuta kwenye karatasi, ikafunika jiko, chumba, na kaburi la mume wangu.

Tukabomolewa. Mifupa yake ikafukuliwa, ikahamishwa. Wakachimba miezi minne, wakapata udongo mtupu.

Wakubwa wa kampuni walipouliza, mtaalamu alijibu bila kupepesa macho: "Yule mama hajui kusoma. Alichanganya trei." Nilifukuzwa kabla ya mchana.

Nimekwenda kwa wifi yangu mara tatu.

"Wifi, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Umemfukua kaka yangu kwa ujinga wako. Ondoka mlangoni."

Wanangu wanaitwa kwenye mikutano ya ukoo, mimi nabaki nje ya uzio.

Ile nusu ya jiwe bado iko bandani, trei ya shimo la saba, safu ya tatu: msalaba mmoja katikati ya macho mengi. Mimi siruhusiwi kuingia. Mtaalamu ana ufunguo. Nyumba simdai tena. Namdai alichukue jiwe lile, aende nalo mpaka mlangoni kwa wifi yangu, aseme: "Nililipanga mimi."