Siku Niliyotia Sahihi Mguu wa Baba

Nafundisha saikolojia katika chuo kimoja mjini Thika. Kila muhula huwaeleza wanafunzi jinsi maneno yanavyotuelekeza bila sisi kujua. Nyama ukiisifu kwamba haina mafuta mengi, inanunuliwa. Ukiyataja hayo mafuta machache, watu wanaipita. Nyama ni ile ile. Huwa wanacheka, nami hucheka nao.

Mwaka juzi baba yangu alilazwa. Alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, akabaki na nyumba yake ya vyumba viwili kule mtaa wa Landless, na ugonjwa wa sukari. Kidonda kwenye kidole cha mguu alikificha ndani ya soksi hadi mguu ukaoza. Dada yangu, anayeishi Kamenu, alinipigia simu nikiwa kwangu Ruiru, napiga shati pasi. Nilimaliza shati kwanza. Sijui kwa nini.

Asubuhi daktari wa upasuaji alituambia, "Tukate chini ya goti. Wengi huamka salama." Nikachukua kalamu nitie sahihi fomu ya idhini. Kabla sijaandika, akaitwa wodi nyingine, akaondoka na fomu. Mchana ikaletwa na daktari mwingine, mdogo wake kwa umri. "Ni lazima mjue," akasema, "kuna wachache ambao hawaamki."

Nikaiweka kalamu chini. Nilijua ni habari ile ile. Ni somo langu hilo, ningeweza kulifundisha nikiwa nimefumba macho. Kujua hakukunisaidia.

Baba alikuwa anaweweseka kwa homa, hakuna la kumuuliza. Dada akanitazama.

"Wewe ndio umesoma. Sema."

"Nipe dakika."

"Dakika ya nini? Hiyo harufu huisikii?"

Nikatia sahihi. Sikupima faida wala hasara. Ilikuwa ile harufu, na aibu ya kutazamwa. Halafu tukaenda kantini, nikala chapati mbili na maharagwe, nikamaliza yote. Dada alilia. Mimi nilimwangalia tu.

Baba aliamka. Siku ya tatu akafunua blanketi, akatazama, akageukia ukuta.

"Nani aliwaambia wakate?"

"Ni mimi, Baba."

"Ungeniacha tu niende."

Hakuniongelesha tena mpaka tulipomrudisha nyumbani.

Huwa nawafundisha wanafunzi pia kwamba binadamu hajui kukadiria huzuni yake ya kesho. Tunadhani jambo fulani litatumaliza, kumbe moyo huzoea, ukarudi karibu na pale ulipokuwa. Kwa baba sikuliamini. Lakini kabla mwaka haujaisha alikuwa anashinda nje ya lango na majirani, magongo yameegemezwa ukutani, wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Siku moja nilimkuta akimwambia fundi wa viatu, "Mimi sasa utanishonea kimoja, kwa hivyo bei ukate nusu." Wakacheka mpaka akakohoa. Aliponiona akasema, "Kuja ukae. Umekula?"

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeingoja. Nilikaa kando yake nikingoja furaha ije. Haikuja, na wala sikuwa na huzuni. Nilihesabu vifuniko vyake vilivyobaki ubaoni, nikaaga.

Baadaye nilisimulia kisa hicho darasani, bila kusema ni cha nyumbani kwetu. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na yule mtoto aliyetia sahihi, mwalimu, yeye alizoea lini?"

Nikasema hilo halimo kwenye mtihani. Hakuna aliyecheka.

Dada ndiye aliyegundua. Aliniambia nimekuwa nikiongea naye kama mtu anayesoma tangazo. Akanitafutia mshauri nasaha pale Ruiru, mama mmoja mpole, na sasa naenda kwake kila Alhamisi. Ananiuliza wiki ilikuwaje. Namwambia nilifundisha, nikala, nikalala. Juzi aliniuliza kama naona afadhali.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini nitakuja Alhamisi."