Kidole cha Pete na Neli Mbili

Nyundo haikuwa na kosa. Ilienda pale nilipoituma. Aliyekuwa hayupo ni mimi.

Ninaziba pancha hapa Karatu, kando ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Ilikuwa mwanzoni mwa wiki, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa nafunga ndoa. Nimeshika chuma cha kubandulia tairi kwa mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, nagonga, tairi limeng'ang'ania rimu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ng'ambo ya barabara mchumba wangu akapita, anatoka kusuka. Nywele mpya. Nikamwangalia. Mkono wa kulia ukaendelea na kazi bila msimamizi.

Vidole vingine vilikuwa vimeshika chuma kama watu wenye akili zao. Kimoja tu kilikuwa kimejitokeza nje, sijui kilikuwa kinamsalimia nani. Kidole cha pete.

Sitaki kueleza kelele niliyopiga. Mbuzi wa jirani waliacha kula. Mchumba akavuka barabara mbio, mkono mmoja umeshika nywele.

"Umeumia wapi?"

Nikamwonyesha. Akaangalia kidole, akaniangalia mimi.

"Hicho?"

"Hichohicho."

"Vidole vyote hivyo ulivyopewa na Mungu, ukachagua hicho?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Hapo nikainamia tairi. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini swali la mtego nalijua.

Shida haikuwa maumivu. Shida ilikuwa shangazi zake. Wako Moshi, ni watu wa biashara na wa kanisa, na mimi hawakunielewa tangu siku ya kwanza. Walitegemea mtu wa ofisini, au basi hata dereva wa watalii, wakaletewa mtu anayenukia mpira. Tena siku nilipoenda kujitambulisha walisimulia, mimi nimekaa hapohapo na kikombe cha chai, habari ya ndoa moja ya kwao ambayo pete ya bwana harusi iligoma kuingia. Ikadondoka, ikaviringika mpaka chini ya benchi. Na ndoa nayo, wakasema, ikafuata njia hiyohiyo. Kisha wakaangalia mikono yangu.

"Pete ikikataa mbele yao," mchumba akaniambia, "watanisema mpaka nazeeka. Jumamosi iingie. Kitibu."

Kitibu. Kama vile ni tairi, unabandika kiraka unajaza upepo. Upepo wenyewe kilikuwa nao wa kutosha. Kufika mchana kidole kimevimba, kucha imekuwa nyeusi kama zeituni, na kinadunda, kinadunda, utafikiri kuna kwaya ndani inafanya mazoezi.

Nikampigia mama, yuko Mbulumbulu, analima ngano na maharage. Akasema, "Maji ya moto na chumvi. Moto wa kuvumilia. Usithubutu kuweka baridi, baridi inagandisha damu."

Nikachemsha maji. Nimetumbukiza kidole, machozi yananitoka, mlinzi wa duka la jirani akaja kuangalia. Huyu ni Mmasai wa Arash, rafiki yangu, huwa tunakunywa chai pamoja.

"Ero, rafiki, unapika kidole?"

"Natibu."

"Toa kwenye maji! Maji ni adui wa kidonda." Akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya kondoo. Akanipaka mpaka kwenye kiwiko. "Sasa hapo usiguse maji mpaka kipone."

"Na kuoga?"

"Oga upande mmoja."

Jioni mchumba akapita. Kidole kinanukia nyama choma.

"Nani kakwambia upake mafuta? Kitu kilichovimba kinawekwa barafu! Barafu! Kila mtu anajua."

Basi nikaenda kutafuta barafu. Mnajua hapa kwetu ukisema barafu unapewa nini. Mama wa genge akanipa kile kimfuko cha nailoni, juisi ya ubuyu iliyogandishwa, wanachonunua watoto wakitoka shule. Nikasema ni barafu au siyo barafu? Ni barafu. Nikakitoboa, nikachomeka kidole ndani, nikakaa nacho. Baridi ya Karatu na barafu ya ubuyu, meno yanagongana. Na kwa kuwa sipendi kutupa chakula, upande wa pili nilikuwa nanyonya.

Kulipokucha kidole kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo. Nikatuma picha kwa mama. Akapiga simu analia: "Damu imepanda! Imepanda!" Nikamwambia ni ubuyu, mama. Akasema, "Ubuyu umeingiaje kwenye kidole?" Kumweleza ikawa kazi kuliko kuumia.

Kuanzia hapo nikaamua kuwaheshimu wote. Asubuhi chumvi na maji ya moto, kwa heshima ya mama. Mchana mafuta ya kondoo. Jioni barafu. Kidole chenyewe kilichanganyikiwa, hakijui ni mwezi wa saba au wa kumi na mbili. Mtu wa bodaboda akasema kitunguu swaumu, nikaongeza kitunguu swaumu. Sasa nilikuwa na kidole kilichokolezwa chumvi, mafuta, kitunguu na ubuyu, kinakosa ndizi tu. Na hakipungui. Pete nilikuwa natembea nayo mfukoni, kila saa naijaribu. Inafika kwenye kucha, inasimama pale kama gari la mchanga kwenye mlima wa Rhotia.

Siku mbili kabla ya harusi, asubuhi, akaja dereva wa watalii, mteja wangu. Gari lina mgeni mmoja tu, mama mzungu wa makamo, mwenye kofia pana. Tairi la nyuma lina msumari. Dereva akasema, "Fundi, fanya haraka, tunashuka kreta kuona wanyama," akaenda zake kunywa supu.

Mama mzungu akashuka kuangalia. Wazungu wanapenda kuangalia pancha, sijui kwao hazipo. Mimi nimechuchumaa, mkono wa kushoto nimeuweka juu ya tairi, pembeni ya msumari, mkono wa kulia nimeshika plaizi, nataka kuung'oa. Mara nasikia:

"No, no, no! Neli! No!"

Ananyooshea kidole palepale. Uso umemwiva.

Kiingereza changu ni kile cha karibu, karibu tena, na tairi. Lakini neli naijua. Neli ni msumari. Hiyo ndiyo mali yangu, nimeitamka kwa wageni wengi: yesi madamu, bigi neli. Kwa hiyo nikaelewa bila shaka yoyote kwamba mama huyu hataki msumari utolewe.

"Neli, no?" nikauliza, kuhakikisha.

"No!" Akatikisa kichwa, akapishanisha mikono kifuani kama anafunga mlango. Akaongea mengi, nikaokota "livu", yaani acha. Acha neli. Akaonyesha kwa mkono, taratibu, kitu kinachotoka chenyewe, polepole, baada ya siku nyingi.

Nikafikiri sana. Nakubali haikuingia akilini. Lakini mimi ni nani? Hawa ndio waliotengeneza gari. Labda wamegundua kitu. Na ukiliangalia jambo lenyewe vizuri, lina maana: msumari ndio umeziba tundu lake wenyewe, ukiung'oa ndio upepo unatoka. Labda miaka yote hii sisi mafundi tumekuwa tunaharibu. Nikaweka plaizi chini. Mama akafurahi, akanipigapiga begani. Nikajaza upepo, nikafunga.

Dereva akarudi anajifuta mdomo. "Tayari?"

"Tayari." Nikataka kumweleza huo utaalamu mpya, lakini alishawasha gari.

Kesho yake, ndiyo Ijumaa, mama yangu akafika na jogoo wawili na gunia la viazi. Hakusalimia mtu, aliomba kidole. Akakinusa.

"Nani kaweka kitunguu?"

"Watu."

Mchumba naye alikuwepo, na mlinzi. Kikao kikakaa juu ya kidole changu. Mama akasema uvimbe unakaa chini ya kucha, kwa hiyo kucha itoke, damu itoke, kidole kitalala. Mchumba akasema kucha ikitoka leo kesho atavisha pete kwenye nyama mbichi? Mlinzi akasema kwao mtu mzima halii kwa ajili ya kucha. Nikasema mimi si wa kwao. Kila mtu nilimwona anasema kweli. Nikimsikiliza mama natikisa kichwa ndiyo, nikimsikiliza mchumba ndiyo.

"Wewe unataka nini?" mchumba akaniuliza.

"Nataka kuoa."

"Basi itoke," akasema, na sauti yake ikapungua. "Kama ndiyo njia."

Mlinzi akanikalia mkono. Mama akachukua plaizi yangu mwenyewe, akaipangusa kwa kanga. Nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu, na nilikuwa nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku nikasikia breki.

"Uko wapi wewe mpumbavu!"

Ni dereva, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. "Nimelala juu, ukingoni mwa kreta, na tairi limekaa chini! Kwenye ukungu! Nyati ananichungulia! Fundi gani anajaza upepo anaacha msumari ndani?"

"Mgeni wako alikataza!" nikapiga kelele, macho bado nimefumba. "Alisema neli isitolewe!"

Hapo mama mzungu naye akashuka. Akaona plaizi, akaona kidole. Jamani, yule mama aliruka kama anaokoa mtoto barabarani.

"No! Neli! No!"

Dereva akamwangalia mgeni, akaniangalia mimi, akaangalia kidole. Kisha akakaa chini, juu ya tairi bovu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi," akasema akipata pumzi, "kucha kwa Kiingereza ni nini?"

"Sijui."

"Neli."

"Na msumari?"

"Neli."

"Acha utani. Watu wazima hao, watengeneze ndege, halafu kucha na msumari waviite kitu kimoja?"

"Ndiyo hivyo. Huyu mama kwao ni nesi. Jana alikuwa anakwambia usiing'oe kucha yako. Itatoka yenyewe, taratibu."

Mama yangu alikuwa bado ameshika plaizi. "Anasemaje huyo?"

Dereva akamtafsiria. Kisafishwe kwa maji safi na sabuni, kifungwe kitambaa kisafi, kiinuliwe juu, kisichokonolewe. Kikizidi au kikitoa usaha, hospitali.

"Na Jumamosi kitakuwa kimelala?" mchumba akauliza haraka.

Dereva akauliza. Nesi akatikisa kichwa, pole kabisa. Hiyo tafsiri hatukuihitaji.

Mama akaweka plaizi chini. Mchumba akakaa kwenye gunia la viazi. Akashika tama. Bora angenitukana.

Kanisani nilienda kidole kimeoshwa vizuri, kinang'aa, kinene kama ndizi mshare. Shangazi zake wamekaa benchi la mbele, wote vilemba virefu. Mimi yeye nilimvisha pete bila tabu. Ikafika zamu yake. Akashika mkono wangu, akaanza kusukuma. Pete ikafika kwenye kucha, ikasimama.

Akasukuma tena. Niliona nyota, na ilikuwa mchana. Mchungaji akainama kidogo, akanong'ona, "Ingiza, binti."

Nyuma ya shela nilisikia shangazi mmoja anakohoa, kile kikohozi cha kumwambia mwenzake angalia. Nikajua ile hadithi yao ya pete imefika. Nikaanza kutafuta benchi ambalo pete itaviringika chini yake.

Mke wangu hakuangalia nyuma. Alifunika kidole changu na pete yake kwa kiganja chake chote, akakibana, akasema yale maneno ya kiapo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, mpaka mlango wa nyuma ulisikia. Akamaliza. Hakuachia.

Vigelegele. Tukaenda kusaini cheti, yeye ameshika. Kwa kuwa ni mkono wake wa kushoto na wangu wa kushoto, mikono ilikuwa imepishana vibaya, tukasaini kama watu wanaogombea kalamu. Tukatoka nje, ameshika. Picha zote, ameshika.

"Achia kidogo tu," nikamnong'oneza. "Damu haipiti."

"Ikianguka," akajibu, anatabasamu kwa kamera, "nakuacha hapahapa."

Machozi yalikuwa yananitiririka wazi, sikuyaficha. Ukumbini shangazi mkubwa, yule wa kikohozi, akaja meza kuu na leso yake. Akatuangalia mikono. Akaniangalia machozi.

"Mwanangu," akaniambia, mara ya kwanza ananiita hivyo, "mimi nilikuwa sijakuelewa. Mwanaume wa kulia siku ya ndoa yake! Hebu niione hiyo pete."

Akanyoosha mkono.

"Shangazi," mke wangu akasema, akakaza zaidi, "kaa kwanza ule. Mimi mwenyewe sijamaliza kumshika."

Shangazi akacheka, akaita wenzake waje waone, na wote wakasimama mbele yetu wanajifuta macho, na mimi najifuta, na pilau inapoa, kwa sababu kati yetu wawili hakuna aliyejua, katika mikono minne, upi uko huru kushika kijiko.