Makofi Mawili Kwenye Nguzo ya Mbali

Siku ya kwanza nilipokwenda kuchukua jezi namba saba ya timu ya Mikindu, meneja wa timu hakuniuliza kama najua mpira. Aliniuliza kama najua kufunga mdomo. Nikamjibu, "Najua, mzee." Akanitupia jezi, akasema, "Kaka yako ndiye aliyekusemea. Usimwaibishe."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Mtwara. Mimi Hemedi ni mtoto wa wakulima wa korosho na muhogo wa Ziwani, na msidhani nilikuja mjini kucheza tu. Mpira ulikuwa kazi. Timu ilinitafutia kibarua cha kupanga magunia ghalani, asubuhi napanga magunia, saa kumi jioni niko mazoezini. Kaka yangu Issa alikuwa amenitangulia. Yeye alikuwa winga wa kushoto, namba kumi na moja, nami nikawa winga wa kulia. Mistari ya uwanja wetu tuliichora kwa majivu, maana chokaa ilikuwa ya timu zenye uwezo.

Ninyi vijana mnaochora nywele mnadhani winga ni mtu wa kupiga chenga mpaka jukwaa lisimame. Sikilizeni basi. Winga hukimbia kando ya mstari, akamvuta beki wa pembeni atoke kwake, halafu akapiga krosi, au majalo kama watangazaji wa redio walivyokuwa wakisema, mpira wa juu unaokatiza mbele ya goli. Mpira ukitoka kulia, winga wa kushoto anatakiwa awe ameshafika nguzo ya mbali, ile ambayo golikipa ameipa kisogo. Anayepiga hana nafasi ya kutazama, kwa sababu beki yuko mgongoni anamhemea. Anapiga kwa kuamini tu kwamba mwenzake amefika.

Issa hakuwa mtu wa kuita "lete, lete" kama wengine. Akishafika alipiga makofi mawili, basi. Tulianza hivyo tukiwa wadogo Ziwani, tukicheza na mpira wa matambara katikati ya mikorosho, na tukaendelea hivyo hadi Mikindu. Nikisikia makofi, napiga. Sikuwahi kuinua kichwa.

Sasa, kila timu wakati ule ilikuwa na kamati ya ufundi. Mkisikia ufundi msidhani ni wa kupanga mabeki, ni uganga. Hawa ndio waliotuamuru turuke ukuta wakati geti liko wazi, au tusipeane mikono na wageni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mpole, mwenye kofia safi na sauti ya chini, na hata kocha hakumpinga. Huko ndiko meneja alikotaka nifunge mdomo.

Mwaka wangu wa tatu, timu ilialikwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kucheza mechi ya kirafiki. Mimi nilibaki na malaria. Wenzangu walikwenda mpaka Msimbati, wakavuka pale mto unapokutana na bahari. Maji ya pale hayana adabu, mto unavuta huku na bahari inavuta kule. Mtumbwi mmoja ukapinduka. Wote waliokuwamo waliokolewa isipokuwa Issa, na Issa hakuonekana, si mzima wala maiti. Tulitembea ufukwe wote na wavuvi wa Msimbati. Hata fulana hatukuipata.

Shehe wa msikiti wetu alimwambia mama, aliyekuwa akiishi nasi mjini, kwamba mtu akipotea majini na muda ukapita, anasomewa hitima kama marehemu wengine, apumzike. Mama alikataa. "Shehe, mimi simziki mtu ambaye sijamwona," alisema. Akaiacha sahani ya Issa kabatini, ile ya bati yenye ua jekundu, na kila jioni akaipakulia ugali na mboga na kuifunika kawa. Asubuhi chakula wanapewa kuku. Hakuna aliyethubutu kumsema, hata mimi. Hamu yangu na yake ilikuwa moja.

Ndipo akaja Kocha Mkuu mpya. Alikuwa Mnorwei, amekuja na watu wa mradi wa kuchimba visima vijijini, na jina lake lilikuwa Sverre. Sisi tukamwita Sefu, naye akakubali bila kinyongo. Kwao alikuwa winga, tena winga wa kulipwa. Aliingia timu ya mji wake akiwa kijana mdogo, mji wa kaskazini kabisa, ambako wakati wa baridi jua halichomozi na wanacheza mchana kwa taa. Baadaye timu ya kusini ikamsajili, akacheza mpaka goti likakataa. Alikuwa mrefu, anachechemea, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchongachonga, lakini kwa mambo ya winga sijaona mwalimu kama yeye. Alinifundisha kupunguza mwendo kabla ya krosi, beki apite na kasi yake. "Haraka ya miguu, pole ya kichwa," alikuwa akisema.

Nafasi ya Issa alipewa Deusi, mtoto wa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Songea. Kijana mzuri, ana mbio. Mechi yake ya kwanza nyumbani, nilimpita beki wangu, na kabla sijafikiri nikasikia makofi mawili upande wa pili. Nikapiga. Mpira ulikuwa mrefu mno, unatoka nje kabisa. Ukafika nguzo ya mbali, ukarudi ndani kama uliogongwa kwa kichwa, ukamwangukia mshambuliaji wetu, akafunga. Nilipoinua macho, Deusi alikuwa bado katikati ya uwanja. Kwenye nguzo hapakuwa na mtu.

Watu walisema ni upepo wa baharini. Mimi pia nilisema upepo. Lakini mwili ulinisisimka mpaka kwenye kisogo, na wakati huohuo, kwa nini niwadanganye, nilifurahi. Nilikuwa bado nacheza na kaka yangu.

Ikatokea tena, na tena. Mwishowe tukaenda Nanyamba, na Nanyamba haina bahari. Siku ile majani ya mikorosho nyuma ya goli yalikuwa yametulia tuli. Makofi mawili, nikapiga, mpira ukarudi, goli. Golikipa wao alimfuata refa. "Refa, wahesabu hawa," alisema. "Wako kumi na wawili. Mmoja ameniruka hapa, nimesikia anavyopumua." Refa akasimamisha mchezo, akatuhesabu kwa kidole. Tulikuwa kumi na mmoja. Baada ya hapo kila tulikokwenda wenyeji walidai tuhesabiwe, na mashabiki wetu wakageuza kuwa wimbo.

Deusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwa mdomo. Alinivuta pembeni baada ya mazoezi, akanionyesha mstari wa majivu wa upande wa kushoto. Ulikuwa umekanyagwakanyagwa, na yeye jioni nzima alikuwa ameukwepa. "Kaka Hemedi, mimi siwezi kucheza pale," aliniambia. "Pale pana mwenyewe."

Mwenyekiti wa kamati alikwisha kujua zamani. Aliniita barazani kwake, akaniagizia kahawa. "Mwanangu, hii ni neema," alisema. "Sisi hatukumwita, kaja mwenyewe kwa mapenzi ya timu. Ligi ikiisha tumepanda daraja, tutamuaga kwa heshima zote. Wewe piga tu."

"Na akichoka, mzee?"

"Marehemu hachoki," akanijibu, akapuliza kahawa yake.

Aliyenikatisha raha ni Sefu. Jioni moja wenzetu wameondoka, akaniambia niketi naye kwenye nyasi. Alikuwa anasugua goti lake. Akaniuliza pole pole, "Wewe unasikia mikono?" Nikashtuka, maana sikuwa nimemwambia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwetu pia," alisema. "Rafiki yangu, winga wa kulia, mimi kushoto. Mpira haujatosha kula, akaenda bahari kuvua samaki. Chombo hakurudi. Na mimi nikapata mpira kutoka kulia, mpira mzuri, mpira wake. Nikafunga magoli mengi. Watu wakanibeba."

"Ukafanya nini?"

"Nikapokea tu. Mwisho sikujua mpira upi wa mtu na mpira upi siyo. Nikahamia kusini, akaja kusini." Alinyosha mguu ule mbovu. "Goti hii niliivunja nikikimbia mpira ambao hakuna mtu alipiga. Hemedi, yeye hapumziki, na wewe hupumziki. Mwache aende nyumbani."

Nililia mbele ya yule mzungu, sioni haya kusema. Wiki nzima iliyofuata nikawa namwona kaka analetwa uwanjani kama ng'ombe wa kukodi, akikimbizwa Jumamosi hadi Jumamosi, na sisi tunashangilia. Nikaenda kwa shehe kuuliza kama mdogo mtu anaweza kumsomea kaka yake hitima mama yake akiwa hataki. Shehe alisema dua haikatazwi, lakini mama akiwa hai na ndiye anayemshikilia, ni bora yeye mwenyewe afungue mkono. Nikarudi nyumbani. Nilikaa na mama jikoni mpaka moto ukazima, tukaongea korosho na mvua tu. Nitamwambiaje kwamba mwanawe amekufa, na kwamba nimejua kwa sababu bado anapiga makofi?

Mji huu hauna siri. Habari kwamba nimekwenda kwa shehe zikamfikia mwenyekiti. Ilibaki mechi moja, nyumbani, tukishinda tunapanda daraja, na timu moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imetuma mtu wa kunitazama mimi. Mwenyekiti akaona ni busara kumwahi mama. Akaja na wajumbe wake wawili, mchele na sukari mkononi, wakavua viatu, wakaketi mkekani. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama," alianza, ingawa walikuwa lika moja. "Tumekuja kukushukuru kwa subira yako. Tunakuomba uendelee kumngoja kijana. Hitima isiwe sasa. Ligi ikiisha, gharama zote ni zetu."

Mama alikuwa anachambua mchicha. Mikono ikasimama. "Mwenyekiti, kumngoja kwangu kunakusaidia nini wewe?"

Hapo ndipo yule mzee alipokosea, kwa sababu alidhani anampa mama sifa. Alisema kwa fahari kabisa, "Ndiko kunakomweka uwanjani, mama. Mwanao anatupa magoli. Kila mechi yuko nguzo ya mbali, anapiga makofi yake, muulize mdogo wake."

Mama akanigeukia. "Hemedi, unayasikia?"

"Nayasikia, mama."

"Unamwona?"

"Simwoni."

Aliusogeza mchicha kando. Halafu akaongea bila kupandisha sauti. "Mwanangu angekuwa hai angekuja kula kwanza kabla ya kwenda kucheza. Kumbe ninyi mnajua amekufa, mnakuja kunishika mikono ili nisimzike. Chukueni mchele wenu." Akaniambia nikamwite shehe, hitima isomwe siku ya mechi asubuhi.

Ikasomwa. Ubani ulifuka nyumba nzima, majirani walijaa, Deusi na wazazi wake wakakaa nje na kula pilau pamoja na sisi. Sefu alikuja amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia kwenye ugoko. Wa kamati hawakuonekana. Jina la Issa lilipotajwa kwenye dua, mama aliitikia amina kabla ya watu wote.

Alasiri tukaingia uwanjani. Tulipita getini, Sefu alisimama pale na kukataa mtu kuruka ukuta. Deusi akasogea kwenye mstari wa kushoto, akaugusa kwa mguu kwanza kama anayepima maji ya kuoga, kisha akakimbia. Mchezo ukaenda suluhu mpaka karibu na mwisho. Dakika za lala salama nikapata mpira kulia, nikapunguza mwendo kama nilivyofundishwa, beki akapita. Nikatega sikio. Nilisikia mashabiki, nilisikia bahari, basi. Kwa mazoea ya mguu nikapiga kulekule nguzo ya mbali.

Mpira ulipita juu ya nguzo, ukatoka nje, ukaendelea kudundadunda kuelekea ufukweni mpaka ukasimama. Hakuna aliyeurudisha. Refa akapuliza kipyenga, na Mikindu haikupanda daraja mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Yule mtu wa Dar es Salaam aliondoka bila kunipa hata mkono. Mwenyekiti hakunisalimia tena mpaka alipofariki.

Nilicheza miaka mingine mingi, mpaka elfu mbili na kitu, winga wa mkoani asiyejulikana nje ya Mtwara na Lindi. Sefu alirudi kwao. Siku ya kuagana aliniambia kwamba tangu ile hitima ya Issa naye analala vizuri, na akakimbia hatua chache mbele yangu kunionyesha goti. Sasa nafundisha watoto majalo kwenye uwanja uleule. Wakiniuliza kama ninajuta kuikosa Dar es Salaam, ndiyo, najuta, kuna siku najuta sana. Ila kila mtoto akipiga krosi kwenye nguzo ya mbali na mpira ukatoka nje bure, moyo wangu unatulia.

Jioni ile ya mechi nilirudi nyumbani na vumbi langu. Mama alikuwa jikoni, hakuuliza matokeo.

"Ulipiga kule kwake?"

"Nilipiga, mama."

"Ukarudi?"

"Haukurudi."

Akanyanyuka, akafungua kabati, akaitoa sahani ya ua jekundu. Akaifuta kwa upande wa kanga yake, akapakua ugali, akaiweka mbele yangu mimi. "Kula, mwanangu," akasema, na usiku ule hakufunika kitu.