Mnyama Aliyetoa Mvuke Masikioni

Mnyama wangu wa kwanza alizaliwa kwa bahati mbaya. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Tuliishi Kamalondo, mtaa wa wafanyakazi, na mume wangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni kwenye karakana ya reli. Asubuhi tatu kwa wiki nilikwenda fwaye, nyumba ambamo wake wa wafanyakazi tulifundishwa kushona, kupiga pasi na kuogesha watoto, hata sisi ambao bado hatukuwa nao. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kibelgiji tuliyemwita Madamu. Alitupa michoro iliyotoka kwao, tukaihamishia kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, kisha tukaitarizi kwa nyuzi za rangi.

Mimi nilipewa kitambaa cha meza, na michoro miwili: bata na swala. Karatasi ikateleza. Nilipoifunua, kichwa cha bata kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya shingo ya swala, kana kwamba ndipo kilipotakiwa. Wino wa kaboni haufutiki. Ningeweza kumwita Madamu, lakini alikuwa mbali, akifumua kosa la mwenzangu kwa uso uliokunjamana. Nikamtazama mnyama wangu. Alionekana kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nikachukua uzi wa manjano nikaanza na mdomo wake.

Jioni nilimwonyesha jirani yangu, mtu wa Kasai tuliyemwita Mama Mapasa kwa sababu alizaa pacha. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, na hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite.

"Iko nyama gani huyu?" akauliza, maana kwetu mnyama huitwa nyama.

"Sijue, mama. Njo mimi nimemutengeneza."

"Anakula nini?"

"Majani."

"Na hii mudomo? Mudomo ya bata haikate majani, inachota matope."

Alisema kweli. Basi tukampa matope, pamoja na minyoo iliyomo. Lakini anayekula matope lazima aishi kwenye matope, na kwato nyembamba za swala zingezama hadi magotini. Kesho yake nikampa vidole vipana, vitatu kila mguu. Kisha Mama Mapasa akasema shingo ni nyembamba mno kwa mdomo mzito kama ule. Nikaongeza uzi hadi shingo ikanenepa kama ya ng'ombe.

Mume wangu alidharau habari hizi kwa siku mbili. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akanawa, akakichukua kitambaa na kukishika karibu na dirisha.

"Huyu atakufa na joto," akasema. "Manyoya yote hii, na kazi ya kuvuta miguu mu matope mangaribi na asubui. Mvuke yake inatokea wapi?"

"Nyama haina mvuke."

"Kila kitu chenye kufanya kazi iko na mvuke. Ukifunga, inapasuka."

Tukakubaliana utokee masikioni. Nilimtarizi masikio marefu kama mabomba, na juu ya kila moja wingu dogo la uzi mweupe. Mume wangu aliridhika sana, akala chakula chake akipiga mluzi.

Tatizo kubwa lilikuwa kunyonyesha. Mtoto wa mnyama huyu angezaliwa na mdomo mgumu, na mdomo mgumu haunyonyi. Nilipendekeza atage mayai, tuepukane na shida.

"Atage," akasema Mama Mapasa. "Lakini maziwa lazima ikuwe. Nyama ya manyoya bila maziwa? Apana."

Alikuwa amenyonyesha watoto wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumbishia. Alifikiri siku nzima. Kisha akanijia mbio, mikono bado ina unga, akasema amepata: maziwa yatoke tumboni kama jasho, na watoto walambe. Nilimkumbatia. Tukamwekea mnyama mayai mawili chini ya mkia, na tumboni vitone vidogo vyeupe.

Maonyesho ya kazi zetu za fwaye yalifanyika Jumamosi asubuhi. Kila mmoja wetu alisimama nyuma ya kazi yake, na Mama Mapasa alikuja kutazama. Madamu alipofika kwangu aligeuka akaenda kumwita mumewe. Huyo alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye miwani, aliyejifunza Swahili yetu kwa wachunga ng'ombe. Aliinama juu ya kitambaa muda mrefu.

"Hii nyama iko wapi, mama?"

Sijui ni nini kilichonishika. "Iko kwetu, Bwana. Kule kaskazini, mu matope."

Akaniuliza anakula nini, nikajibu. Akauliza juu ya vidole, masikio, mayai. Nilijibu yote bila kusita, kwa kuwa yote tulikwisha kuyazungumza. Ndipo akatoa daftari mfukoni akaanza kuandika. Kumwambia mzungu hadithi ni jambo moja. Kumwona anaiandika ni jambo lingine kabisa.

"Mwezi ujao nitapata kamyo ya kutupeleka kule," akasema. "Utanionyesha njia?"

"Bwana," nikasema, na sauti ilitoka ndogo sana, "hii nyama haiko. Karatasi iliteleza. Ingine tuliwaza tu, mimi, bwana yangu na huyu mama."

Madamu akawa mwekundu. Mumewe akavua miwani, akanitazama, akamtazama Mama Mapasa, kisha akacheka hadi akalazimika kushika meza. Alipopata pumzi aliuliza nani aliwaza habari ya maziwa. Mama Mapasa akanyoosha mkono polepole.

"Mama, iko nyama ya vile kweli. Katika Australia, mbali sana. Iko na mudomo ya bata, iko na manyoya, inataga mayai. Na maziwa inatoka tumboni, watoto wanalamba. Kweli kabisa."

Mama Mapasa alimwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu anayejaribu kutufurahisha baada ya kutuaibisha.

"Ile ni bongo, Bwana," akasema kwa upole, maana yake ni uongo. "Sisi tumekubali bongo yetu. Na wewe ukubali."

Juma lililofuata daktari alituletea kitabu chenye picha ya mnyama huyo. Mama Mapasa aliitazama kwa makini, akageuza ukurasa kuona kama nyuma kuna kitu, akamrudishia.

"Imechorwa," akasema. "Hata sisi tulichora."

Kitambaa kilibaki kwangu, maana Madamu hakutaka kukiona tena. Mimi sikuweza kuacha. Wa pili nilimchora kwa mkono wangu, bila karatasi, mnyama wa kukimbia kwenye nyanda. Mume wangu alitaka awe na magurudumu. Mama Mapasa akauliza damu itafikaje kwenye gurudumu linalozunguka bila mishipa kujisokota. Mume wangu akasema kuna namna, mambo ya bomba na grisi, subirini achore. Alichora siku tatu, akikunja karatasi na kuzitupa. Mwishowe nikampa mnyama miguu sita, na mume wangu akaninunia hadi Jumapili.